Sahihisho si radhi

Wiki iliyopita kaja mama mwengine ofisini na barua ya kulipelekea gazeti, aliyoandikiwa na jamaa yake: kurasa tatu, radhi imetakiwa mara sita, fidia shilingi milioni mia mbili, na hakuna pahala palipotajwa gazeti limekosea neno gani. Barua za namna hii nimezisoma mno.

Fidia ni shauri la kashfa, lina njia yake mahkamani. Radhi ni heshima ya mtu. Sahihisho ni kitu mbali: mliandika hivi, ukweli ni huu, ushahidi huu hapa. Mhariri akidaiwa mamilioni humpigia simu wakili wake, na wakili humwambia asichapishe hata herufi.

Kijana wa mama huyu alinunua vespa kwa bei ya chee, haina kadi, kumbe ya kuibwa. Hati ya mashtaka inasema kupokea mali ya wizi. Gazeti likaandika "Mwizi wa vespa afungwa". Hakushitakiwa kwa wizi, wala hakufungwa. Alikosa wadhamini akarudishwa rumande. Huku kwetu Zanzibar mahabusu na mfungwa wote wanapelekwa Chuo cha Mafunzo, ndilo jina la magereza yetu, na nahisi mwandishi alisikia jina hilo tu akaandika "afungwa". Mtaniambia mwizi na mpokeaji ni wale wale. Si wale wale! Ni makosa mawili, na kila moja lina ushahidi wake. Wiki ya pili alipopata dhamana, tajiri wake alimuonesha gazeti, ufunguo wa duka hakumrudishia.

"Polisi ndio waliosema," wahariri hunijibu. Polisi husema wanachoamini. Aliyepita kwa karani wa mahkama angeiona hati. Na Katiba ya Muungano, ibara ya 13(6)(b), imekataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika.

Basi andika nusu ukurasa: tarehe ya gazeti, ukurasa, sentensi yao kama ilivyochapwa, na chini yake sentensi unayotaka ichapwe. Ambatanisha nakala ya hati. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri. Wakikaa kimya, Baraza la Habari Tanzania linapokea malalamiko. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 msinitajie, ni ya Bara. Magazeti ya huku yako chini ya sheria ya Zanzibar ya usajili wa magazeti, Sheria Namba 5 ya 1988.

Liko linalonikosesha usingizi. Sahihisho huwakumbusha watu jambo walilokwisha kulisahau, na hutokea ndani ya gazeti, pembeni, wakati tuhuma ilikuwa ukurasa wa mbele. Nimewahi kumshauri mteja anyamaze. Mpaka leo sina hakika kama nilimshauri vyema.

Barua ya mama tuliiandika upya pale pale mezani, mistari minane. Neno radhi alitaka libaki. Nikamsomea sentensi ile ya kichwa cha habari na ile ya hati, moja baada ya nyengine, mara mbili. Akaomba kalamu.