Je, wajua kwa nini kuku wa sadaka hachinjwi kanisani?

Msimu wa mavuno ukifika, makanisa ya Malindi na ya vijiji vya bara yake hupokea sadaka isiyoenea kapuni. Huyu kaja na debe la mahindi, yule mkungu wa ndizi, mwingine gunia la mihogo. Kuku naye hakosi: kafungwa miguu kwa kitambaa, kalazwa mbele ya madhabahu, macho yanamtoka. Mchungaji anaviombea vyote. Ibada ikiisha mnada unaanza, muumini mmoja anamnunua kuku, pesa zinaingia hazina ya kanisa, na kuku anaondoka mzima.

Jirani Mwislamu wa mitaa yetu ya Shela au Maweni akiona hivyo, ana haki ya kushangaa. Yeye Sikukuu ya Mfungo Tatu anachinja, nyama anaigawa kwa jamaa, majirani na maskini. Wazee wa kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, nao, mvua ikikawia, huchinja na kuomba. Basi anauliza: Biblia imejaa habari za kuchinja tangu mwanzo, mbona nyinyi wenye Biblia hamchinji?

Ni kweli imejaa. Kitabu cha Walawi kinaanza kwa sura saba za sadaka tu: ya kuteketezwa, ya unga, ya amani, ya dhambi, ya hatia. Kinachonigusa mimi katika sheria zile ni jinsi zinavyomfikiria asiye na kitu. Aliyeshindwa na mwana-kondoo alete hua wawili, na aliyeshindwa hata na hua alete unga kidogo. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, Luka anataja ndege wawili tu. Kutokana na hao ndege tunaijua hali ya nyumba aliyolelewa.

Sababu ya Wakristo kuacha kuchinja imeelezwa zaidi katika Waraka kwa Waebrania. Damu ya mafahali na mbuzi, unasema waraka huo, haikuweza kuondoa dhambi, ndiyo maana ilibidi imwagwe tena kila mwaka. Kuhani alisimama kila siku akitoa dhabihu zilezile. Kristo alitoa moja, nafsi yake mwenyewe, kisha akaketi. Kuketi kule ndiko kunakobeba hoja yote: kazi imekwisha. Watu wengine hudhani kuchinja kulikoma kwa sababu Warumi walilibomoa hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Kwa Wayahudi ndivyo ilivyokuwa, lakini kwa Mkristo, hata hekalu lingekuwa limesimama leo, hana mnyama wa kupeleka pale.

Wakristo wenyewe wanatofautiana kidogo hapa. Wakatoliki hufundisha kwamba Misa ni sadaka ya kweli, ileile ya msalabani, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, ulilitamka jambo hilo rasmi mwaka 1562. Waprotestanti wengi huiona Meza ya Bwana kuwa ukumbusho wa sadaka hiyo. Lakini sababu ya kutochinja ni moja kwa wote.

Tukiishia hapo, hata hivyo, tutakuwa tumejibu nusu. Maana hata zamani zile, kuchinja kulipokuwa amri, Mungu alikataa sadaka nyingi zilizotolewa sawasawa kabisa kwa taratibu. Katika Isaya sura ya kwanza anasema amechoshwa na mafuta ya wanyama wao, kwa kuwa mikono inayoinuliwa katika sala imejaa damu. Wakajifunze kwanza kumtetea yatima na mjane. Amosi anaongeza kwamba hata nyimbo zao ni kelele, na anachotaka Mungu ni haki itiririke kama maji. Wala si kwamba kitu chenyewe hakina uzito. Malaki anawakemea waliokuwa wakileta mnyama kipofu, kilema au mgonjwa: haya, mpelekee liwali wako uone kama atakupokea! Mji kama Malindi, uliokuwa na maliwali wake, unalielewa karipio hilo bila mfasiri. Lakini Mungu humtazama mtoaji kabla ya sadaka. Mwanzo sura ya 4 inasema alimkubali Habili na sadaka yake, mtu akitajwa kwanza, kisha mnyama.

Na ibada, je, mahali pake ni wapi? Mwanamke Msamaria alimuuliza Yesu hilo hilo kisimani. Watu wake waliabudu mlima Gerizimu, ambako Wasamaria huchinja kondoo wa Pasaka hadi leo, na Wayahudi waliabudu Yerusalemu. Yesu alimjibu kwamba saa inakuja, nayo sasa ipo, waabudio halisi watakapomwabudu Baba katika roho na kweli, si mlima huu wala Yerusalemu.

Malindi kuliulizwa swali la jinsi hiyo zamani sana. Mwaka 1542 padri Mjesuiti Francis Xavier, akiwa njiani kwenda Goa, alipita hapa na kumzika mtu aliyefia merikebuni. Katika barua yake anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini alimuuliza kama makanisa ya Wakristo hujaa watu, na kama husali kwa moyo, kwa sababu huku kwao, alisema, misikiti ni 17 na inayoendewa ni 3 tu. Kikanisa cha Wareno kilichoezekwa makuti bado kipo karibu na ufuo. Nikipita pale humkumbuka mzee yule kuliko ninavyomkumbuka padri. Alitaka kujua kama watu wanasali kweli.

Siwezi kuandika habari hizi nikiwa Malindi bila kutaja Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu ule wa bara yetu, watu waliambiwa wafunge chakula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya watoto ikiwemo, ikaletwa mochari ya hospitali hapa mjini. Lazima isemwe waziwazi: Biblia haimwachii mtu nafasi ya kuiita hiyo sadaka. Paulo, katika Warumi 12, anaomba miili yetu iwe dhabihu iliyo hai. Kuhusu watoto waliotolewa kafara bonde la Hinomu, Mungu anasema kupitia Yeremia kwamba hakuagiza jambo hilo wala halikuingia moyoni mwake. Yesu alifunga siku 40, lakini aliposhawishiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu alikataa. Na saumu aliyoichagua Mungu katika Isaya 58 ni kummegea mwenye njaa chakula chako na kumwingiza maskini nyumbani kwako. Mtoto wa Shakahola ndiye aliyestahili kumegewa.

Sadaka zilizobaki kwa Mkristo basi ni zipi? Waebrania 13 inataja sifa za midomo, kutenda mema na kushirikiana vitu. Paulo akiwa kifungoni alipelekewa msaada na Wafilipi, akauita harufu nzuri, dhabihu inayompendeza Mungu. Maneno yaliyokuwa ya moshi wa madhabahuni ameyatumia kwa kifurushi cha mahitaji. Kuku wa mnada, ikiwa pesa zake zinamlipia mjane dawa, yumo humo.

Yesu ameweka sharti moja juu ya hayo, na naliona gumu kuliko kuchinja. Ukiwa umeshafika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache palepale, nenda kwanza ukapatane naye, kisha urudi uitoe. Waliomsikia akisema hayo walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu.