Damu, leso na nyumba ya babu: yanayokosewa katika hadithi za ukoo

"Baba ni A, mama ni B, mtoto ni O: huyu si wake." Ndoa ngapi zimevunjwa hivyo katika riwaya, na ni kosa. Mwenye damu ya A anaweza kuwa na A moja na O moja aliyoificha, na wa B vilevile. Wakikutana, mtoto anaweza kuwa A, B, AB au O. Kundi la damu linaweza kumtoa mtu kwenye ubaba, lakini halimthibitishi. Wewe mwandishi, ukitaka siri ifichuke, baba awe AB na mtoto O, jambo ambalo kwa kawaida haliwezekani. Hata hapo, daktari wako aombe kipimo cha DNA kabla ya kufungua mdomo.

Selimundu nayo husingiziwa mke: "Ugonjwa umeingia na yeye." Mtoto mgonjwa (SS) amepokea S moja, yaani chembe ya urithi ya selimundu, kwa mama na moja kwa baba, na kwa kawaida wazazi wote wawili huwa wazima, kila mmoja ana S moja tu. Uwezekano ni 1 kati ya 4 kwa kila mimba. Haina maana kwamba wa nne ndiye atakayeugua. Wanaweza kuugua wawili wa mwanzo. Pwani chembe hiyo imeenea kwa kuwa mwenye S moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo ukoo wa Mombasa hauhitaji laana ya mababu.

Leso yenye jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, iliyoachwa na bibi wa zama za Seyyid Said, sultani wa Zanzibar wa karne ya 19? Haikuwapo. Majina yaliingia mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Ya kale zaidi iwe na pindo (ukingo wake) na mji (sehemu ya katikati) tu. Wala ndugu waliopoteana wasitambuane kwa jina la leso, maana chapa moja huuzwa kwa wengi. Doti, yaani leso mbili zilizoungana, ikatwe kwa mkono katikati, kila mmoja achukue kipande. Baadaye ukingo uliopinda ukutane na mwenzake. Na leso iliyokaa kashani miaka mingi huanza kupasuka kwenye mikunjo.

Kwa sheria ya Kiislamu, babu wa Mji wa Kale wa Mombasa hawezi kumwachia mjukuu nyumba yote kwa wasia ikiwa ndiyo mali yake pekee. Mwisho ni theluthi, baada ya mazishi na madeni, ila warithi wakiridhia. Mjukuu ambaye baba yake alikufa kabla ya babu, ami yake akiwa hai, hana fungu la urithi. Babu akitaka apate nyumba, ampe na kumkabidhi angali hai, au aiweke wakfu, yaani mali iliyotengwa isiuzwe wala kurithiwa, kwa manufaa yake.