Goti la bandia ni zima, kilichovunjika ni mfupa

Juzi kwenye daladala nimesikia tena: "Bibi goti lake la bandia limevunjika." Maelezo yakaendelea: aliteleza bafuni, akapigwa eksirei, chuma kikakutwa kizima. Sasa kimevunjika nini?

Kimevunjika mfupa uliokishika chuma. Mara nyingi ni wa paja, juu kidogo ya goti. Mara chache ni wa muundi au pia ya goti. Basi.

Nadhani kosa linaanzia kwenye neno "bandia". Zamani bandia ni mwanasesere wa mtoto, kisha tukalipachika kwenye noti na dawa za kughushi. Mtu akisikia goti la bandia anawaza feki, na feki ikivunjika nani atashangaa? Wagiriki, ambao madaktari huazima neno lao, waliita *prosthesis*, yaani nyongeza. Nyongeza ndiyo hasa, maana hata huko "kubadilishiwa goti" si kama kubadilisha tairi. Daktari hukata milimita chache za ncha za mifupa, akazivisha chuma, akaweka plastiki ngumu katikati. Paja linabaki lile lile la bibi, na kama lilikuwa limeanza kuwa jepesi kwa uzee au kwa dawa za steroidi, linaendelea kuwa jepesi. Tena pale chuma kigumu kinapoishia ndipo mzigo unapokazana, kwa hiyo kuanguka kwa kawaida tu nyumbani kunatosha.

Neno la pili linaloniudhi ni "kulegea", yaani chuma kuachia mfupa, ambalo watu hulichanganya na kuvunjika, ilhali matibabu yote yanategemea hilo. Mpangilio wa Lewis na Rorabeck, ambao madaktari wa mifupa hugawia mivunjiko ya paja juu ya goti la bandia katika aina 3, unauliza mambo mawili tu: mfupa umehama? Chuma bado kimeshika? Mfupa ukiwa haujahama na chuma kimeshika, huenda hogo na kutokukanyagia mguu kwa wiki kadhaa vikatosha. Ukiwa umehama lakini chuma kimeshika, hufungwa bamba lenye skrubu zinazojikaza ndani ya bamba lenyewe, au hupitishwa msumari kutokea gotini kupanda ndani ya paja, kama chuma cha goti kina uwazi wa kuupitisha. Chuma kikiwa kimelegea, kuunga mfupa peke yake ni kazi bure: hutolewa, kikawekwa kingine chenye shina refu linalozama ndani ya mfupa. Na kwa mzee ambaye ncha ya paja imesagika, huondolewa ncha yote ikawekwa ya chuma. Hapo sasa neno "kubadilisha" limefika mahali pake.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa daladala, sema bibi amevunjika paja juu ya goti la bandia. Halafu muulize daktari kama chuma kimelegea.