Yanayosemwa kuhusu afisa ustawi wa jamii, na kazi yake ilivyo

Watu wengi hufika ofisi ya ustawi wa jamii wakiwa wamechelewa. Jirani amesikia mtoto akipigwa kila usiku kwa miezi kadhaa kabla hajathubutu kusema. Bibi amelea wajukuu peke yake hadi nguvu zimemwishia. Mama amekaa bila matunzo ya mtoto hadi mwenye nyumba anamtolea vyombo nje. Ukiwauliza kwa nini hawakuja mapema, majibu huwa mawili: waliogopa, au waliambiwa kule hakuna msaada wowote. Yote mawili yanatokana na kutoijua kazi yenyewe, na ndiyo maana nimeona nizipitie dhana zinazosikika zaidi. Ninazungumzia Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria na ofisi zake.

"Ustawi na maendeleo ya jamii ni watu walewale"

Mkanganyiko huu una asili yake. Huduma za ustawi zilianza wakati wa ukoloni, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zikiwalenga askari waliorudi nyumbani, na kumbi zilizofunguliwa zilitumika kwa mafunzo, michezo na mikutano, mambo ambayo leo tungeyaweka upande wa maendeleo. Hata sasa kada zote mbili ziko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum iliyoundwa Januari 2022, na kwenye halmashauri ofisi zao mara nyingi zimepakana.

Afisa maendeleo hushughulika zaidi na vikundi na uhamasishaji. Ndiye unayemwendea kwa ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa ustawi anashughulika na mtu au familia iliyokwama: mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na ndugu, wazazi wanaogombania mtoto, mgonjwa asiyejulikana kwao. Ukikosea mlango kwa habari ya mkopo, utaelekezwa tu mlango wa pili. Ninachokiogopa ni kosa la upande mwingine, pale mama aliyepigwa anapoingia ofisi isiyo yake na kuanza kueleza yaliyompata mbele ya watu waliokuja kufuatilia fomu za kikundi. Uliza kwanza, pale mapokezi, ofisi ya ustawi iko wapi.

"Wana hela ya kugawa, wanaibana"

Dhana hii ndiyo inayovunja watu moyo kuliko nyingine. Mtu anatoka kijijini na nauli ya kukopa akiamini atarudi na fedha mkononi, na anaporudi na barua tu anasema amedanganywa.

Afisa ustawi hana mfuko wa kugawa. Ruzuku za kaya maskini zinatoka TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambako kaya hutambuliwa kwenye mikutano ya kijiji au mtaa na kuna waratibu wake. Anachofanya afisa ustawi ni kuichunguza hali ya mtu, kuiandika, na kumuunganisha na mahali penye huduma: hospitali, polisi, mahakama, shule, makazi ya wazee kama Nunge kule Kigamboni au Kolandoto Shinyanga, au ndugu ambaye hakujua kwamba mzee wake anateseka. Barua ile iliyodharauliwa huweza kumfungulia mtu milango ambayo fedha ya siku moja isingeifungua. Hata hivyo nakiri kwamba bajeti za ofisi hizi ni ndogo, na afisa mwingine hushindwa kumfikia mtoto kwa kukosa usafiri. Wananchi wana haki ya kuwauliza madiwani wao kuhusu hilo.

"Ukiwaita, wanachukua mtoto"

Hapa nataka kukaa kidogo, maana hofu hii ndiyo inayowaumiza watoto zaidi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inaipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Taarifa ikifika, afisa ustawi huanza kwa kuuliza. Anafika nyumbani, anazungumza na mzazi, anazungumza na mtoto peke yake, anakwenda shuleni kwa mwalimu, anamsikiliza mwenyekiti wa mtaa na majirani. Anaangalia mtoto analala wapi, anakula nini, nani anabaki naye mzazi akienda kwenye biashara. Mashauri mengi yanaishia hapohapo kwa ushauri, makubaliano na ufuatiliaji wa mara kwa mara. Mama lishe anayemwacha mtoto wa miaka minne nyumbani kwa sababu hana wa kumwachia anahitaji mpango wa malezi, na afisa anayeijua kazi yake atakaa naye wautafute huo mpango.

Pale maisha ya mtoto yanapokuwa hatarini kweli, anaweza kuondolewa haraka na kupelekwa mahali salama, polisi wakishirikishwa. Hata hapo afisa hana mamlaka ya kuamua peke yake mtoto akae wapi moja kwa moja. Suala linakwenda mahakamani, na hakimu ndiye anayetoa amri ya matunzo, yaani mtoto alelewe kwingine, au ya usimamizi. Amri ya usimamizi yenyewe inamwacha mtoto nyumbani, afisa akiwa anafuatilia.

Na mtoto akiondolewa, makao ya watoto hayapaswi kuwa chaguo la kwanza. Wanaotafutwa kwanza ni ndugu: shangazi, mjomba, bibi. Wakikosekana, inatafutwa familia ya malezi ya kambo. Makao huja baadaye. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaotaka kuasili mtoto: kwenda kituoni na kuchagua mtoto kisha kuondoka naye hakupo. Afisa ustawi hufanya uchunguzi wa familia inayoomba, mtoto hukaa nao kwanza wakifuatiliwa, na amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu. Anayekuahidi njia ya mkato kwa malipo anakuingiza kwenye kosa la jinai.

"Ustawi wanavunja ndoa za watu, tena wako upande wa wanawake"

Afisa ustawi hana uwezo wa kutoa talaka. Talaka hutolewa na mahakama. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata au la taasisi ya dini linalotambuliwa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria yenyewe. Baraza likishindwa kupatanisha linatoa cheti, na hicho cheti ndicho mahakama inachokihitaji. Mtu asipoteze muda akidhani barua yoyote yenye mhuri inatosha.

Ni kweli kwamba ofisi za ustawi husikiliza migogoro mingi ya ndoa, na wanaofika kulalamika wengi ni wanawake. Mwanamume akipata barua ya wito anahisi ameshahukumiwa, hivyo haendi. Kutokwenda kwake ndiko kunakofanya shauri liegemee upande mmoja, maana maelezo yaliyopo mezani yanakuwa ya mke peke yake. Wanaume waliopigwa, waliofukuzwa kwenye nyumba walizojenga, walionyimwa kuwaona watoto wao wanapokelewa mlango uleule. Ningependa wajue hivyo.

Kuhusu matunzo, zipo dhana tatu ndogo. Ya kwanza, kwamba mtoto wa nje ya ndoa hana haki ya matunzo ya baba. Anayo. Ya pili, kwamba baba akisema "si wangu" mambo yamekwisha. Vipo vipimo vya vinasaba vinavyofanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na afisa ustawi ni miongoni mwa wanaoruhusiwa kupeleka maombi huko. Ya tatu, kwamba kiwango cha matunzo anakipanga afisa. Afisa hukaa na wazazi wakakubaliana. Wakishindwa, mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, mama akiwemo.

"Mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba"

Hii inasemwa vikaoni kwa ujasiri kana kwamba ni kifungu cha sheria, na watoto wamehamishwa mikoa kwa sababu yake. Kilichomo kwenye Sheria ya Ndoa ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, na hata dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani kwa ushahidi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba siku ya kutimiza saba mtoto anakabidhiwa kwa baba. Mahakama inaangalia maslahi ya mtoto, na mtoto mwenye umri wa kueleza anachotaka husikilizwa. Mzazi asiyekaa naye bado ana haki ya kumtembelea na wajibu wa kumtunza.

"Wanawatetea watoto wahalifu"

Mtoto anapokinzana na sheria, afisa ustawi huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya Mahakama ya Watoto: mtoto anaishi na nani, aliacha shule lini na kwa nini, nani alimtuma kuiba. Taarifa hiyo haifuti kosa. Inamwezesha hakimu kuchagua adhabu inayofaa, kwa kuwa Sheria ya Mtoto hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Anaweza kuachiwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi, au kupelekwa Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya. Anayesubiri shauri lake hatakiwi kuchanganywa na watu wazima; zipo mahabusu za watoto, kama ile ya Upanga jijini Dar es Salaam. Nimesikia watu wakisema huku ni kudekeza. Kijana wa miaka 15 akilala sero moja na majambazi, mtaa ndio utakaompokea akitoka.

"Hospitalini, ustawi ni wa kufuta bili"

Msamaha wa matibabu una taratibu zake: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wamo katika sera. Kwa wengine, afisa huchunguza kama kweli hawana uwezo. Ukienda kwake siku ya kulazwa anakuwa na muda wa kufanya hivyo. Ukimfuata siku ya kuruhusiwa, mambo huwa magumu. Yeye huyohuyo ndiye anayetafuta ndugu wa majeruhi aliyeokotwa barabarani bila kitambulisho.

"Kazi yenyewe ni huruma tu"

Huruma inahitajika, lakini peke yake humchosha mwenye nayo na haisimami mahakamani. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama ilianzishwa kwa sheria ya 1973, na watu wanasoma cheti, stashahada hadi shahada: saikolojia, sheria, namna ya kumhoji mtoto bila kumtisha wala kumwekea maneno mdomoni. Swali moja lililoulizwa vibaya linaweza kuharibu ushahidi wa shauri zima la ubakaji.

"Ya ndani ni ya ndani, na ukisema utajulikana"

Utafiti wa taifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na waliotafuta huduma walikuwa wachache. Mara nyingi aliyefanya ukatili ni mtu anayefahamika: ndugu, jirani, mpenzi. Ndiyo sababu familia huitana na kuyamaliza nyumbani kwa mbuzi na fedha kidogo, na mtoto akabaki anaishi na aliyemuumiza.

Sheria ya Mtoto inamwekea kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuitoa kwa serikali ya mtaa. Huhitaji kuwa na ushahidi kamili. Kuchunguza ni kazi ya afisa. Maelezo yako ni siri ya ofisi, ingawa afisa atalazimika kuieleza polisi au mahakama yale yanayohusu usalama wa mtoto, na ni vyema ulijue hilo tangu mwanzo. Unaweza kuanzia kwa afisa ustawi wa kata au halmashauri, kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ukiona vigumu kwenda mwenyewe, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haina gharama, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.