Hai-fai ni uaminifu, utamu ni habari nyingine

Wiki iliyopita nimelisikia tena neno hai-fai. Niko dukani Kariakoo natafuta waya wa chaji, pembeni yangu kuna kijana anachagua hedifoni, muuzaji anamwambia chukua hizi kaka, hizi ndo hai-fai yenyewe, besi inapiga mpaka kifuani. Kijana kavaa, katikisa kichwa, kalipa, kaondoka na furaha yake na mimi furaha yake sina neno nayo kabisa, singeli inataka besi na yeye besi kapata. Ila lile neno jamani. Sijui ni mara ya ngapi nalisikia likimaanisha besi nyingi, au bei kubwa, au boksi lenye nembo ya dhahabu, na binamu yangu naye kaniambia hedifoni zangu siyo hai-fai kwa sababu eti zimepoa. Nikaona hapana, acha niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Hai-fai (naandika na kistari isije ikasomwa haifai ya kukataa) ni chombo kukutolea sauti iliyo karibu kabisa na ile iliyorekodiwa, bila kuongeza, bila kupunguza. Basi. Besi haimo humo, bei haimo, na hata neno tamu halimo.

Asili yake sasa, maana hapo ndo watu wanaporuka. Ni kifupi cha high fidelity, na hiyo fidelity mzizi wake ni Kilatini, fides yaani imani, fidelis yaani mwaminifu, kwa hiyo ukilitafsiri wima wima ni uaminifu wa juu. Harold Hartley, fundi wa mambo ya sauti wa Uingereza, aliandika baadaye kwamba yeye ndiye aliyelibuni mwaka 1927. Kilatini siyo lazima lakini, sisi tuna neno letu linalokaa vizuri zaidi, nalo ni amana. Imani, amini, mwaminifu, amana, zote zimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, na kila mtu anajua amana inavyokwenda: mtu kakuachia kanga yake iliyopauka, siku akija kuidai unampa ileile iliyopauka, humpi uliyoichovya rangi mpya, hata kama rangi yako ni nzuri kuliko ya mwanzo. Rekodi ni amana. Mwimbaji na fundi wake wa studio wamekuwekea kitu, hedifoni kazi yake ni kukufikishia kilekile.

Chukua Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake kutoka Zanzibar mpaka Bombay, India, kurekodi santuri za HMV, ile kampuni yenye picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake kwenye gramafoni, na ukiitazama vizuri picha ile inaeleza uaminifu wa sauti kuliko mimi ninavyoeleza hapa, mbwa kaisikia sauti na kaitambua ni ya nani. Sasa zile rekodi zake ukizisikiliza leo kwenye hedifoni aminifu hupati besi ya kutikisa, kwa sababu haikuwemo kwenye santuri, unachopata ni sauti yake, ala, na mkwaruzo wote wa sahani mwanzo mpaka mwisho. Hedifoni ya besi nyingi itakuongezea mvumo chini ambao Bombay haukuwepo. Unaweza ukaupenda huo mvumo, sikatai, ila siyo wake Siti. Vilevile rekodi nyingi za zamani za Radio Tanzania ni mono, yaani kushoto na kulia unapata sauti ileile moja, gitaa na matarumbeta vinakaa vyote katikati ya kichwa, watu wanasema hedifoni mbovu hii haitenganishi, wakati hedifoni inasema kweli tupu.

Hiyo hamu ya kulinganisha chombo na mtu ni ya zamani kuliko neno lenyewe. Kuanzia 1915 kampuni ya Edison kule Marekani ilikuwa inaita watu ukumbini, mwimbaji anasimama jukwaani pembeni ya mashine, taa zinazimwa, watu wanatakiwa wabahatishe anayeimba ni mtu au sahani. Anna Case, mmoja wa waimbaji hao, alikuja kueleza kwamba alikuwa anaifananisha sauti yake na ya mashine. Yaani uaminifu uligeuzwa, mtu ndo anaifuata sahani! Nikisikia mtu anasema wimbo hauna ladha mpaka apige na hedifoni yake ya besi huwa nawakumbuka wale watu wa gizani.

Na waifai, kwa kuwa najua kuna atakayeuliza, ni mtoto wa neno hilohilo. Jina lilibuniwa 1999 na kampuni ya kubuni majina, likatengenezwa lifanane na hai-fai kwa mlio tu, ile fai ya mwisho haikusimama badala ya kitu chochote.

Haya, binamu yangu na "zimepoa" zake. Hapo ndo kwenye mkanganyiko wote, kwa sababu kuna maswali mawili na watu wanayajibu kwa neno moja. Swali la kwanza, hii hedifoni inafikisha kilichorekodiwa? Swali la pili, mimi naipenda? Yeye kajibu la pili akadhani kajibu la kwanza. Na wale wa upande mwingine, wenye hedifoni za bei mbaya, wanafanya kosa hilohilo kwa kinyume, mtu akisema anapenda besi wanamwambia huna masikio, na hilo linaniudhi pengine kuliko la muuzaji.

Kwa sababu ukweli ni kwamba kwenye hedifoni hata uaminifu wenyewe unapita kwenye mwili wako. Sauti ya spika sebuleni inagonga mabega, inazunguka kwenye mikunjo ya sikio ndipo iingie, na tundu la sikio lenyewe linakuza sauti za karibu na hezi 3000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, ikiwa mingi sauti inakuwa nyembamba), sasa hedifoni inaruka sehemu ya safari hiyo, kwa hiyo watengenezaji inabidi wakisie sikio la mtu wa wastani likoje, na wewe siyo wa wastani, hakuna aliye wa wastani. Halafu besi ya hedifoni zilizofungwa nyuma inategemea mto uzibe vizuri kuzunguka sikio, dada mwenye misuko minene, au aliyevaa hijabu, au mtu wa miwani kama mimi, upenyo mdogo tu besi inavuja, kwa hiyo hedifoni ileile wawili wanaisikia tofauti na wote wawili wanasema kweli. Sean Olive na Todd Welti, watafiti wa kampuni ya vyombo vya sauti ya Harman, walianza kuwapima wasikilizaji miaka ya 2012 huko wakitafuta mlio unaopendwa, wakapata mpangilio mmoja wa besi, katikati na juu ambao karibu theluthi mbili ya watu waliupenda, waliobaki kuna waliotaka besi zaidi na kuna waliotaka besi ipungue. Ona walichopima: mapenzi. Na hata kwa uchunguzi wote huo theluthi moja ilibaki nje.

Ile nembo ya dhahabu ya Hi-Res, inayobandikwa kwenye maboksi ya vyombo vya sauti, nayo tusiichanganye humu. Kwa hedifoni inadai ifike hezi 40,000 wakati sikio zima la kijana linaishia kama 20,000, na haikwambii lolote kuhusu jinsi sauti ya katikati, anakokaa mwimbaji, inavyofikishwa.

Mimi zangu ni Sennheiser HD 600, zimetoka 1997 na bado zinauzwa, ziko wazi nyuma kwa hiyo besi ya chini kabisa inapungua, zina ukinzani wa umeme wa ohmu 300 kwa hiyo simu peke yake inazisukuma kwa shida, na kwenye daladala hazifai hata kidogo kwa sababu kelele zote zinaingia. Naziita aminifu kwa sauti za watu na gitaa. Nikitaka kucheza natoa za mdogo wangu zenye besi, nazipenda pia.

Kwa hiyo binamu, zako ni tamu, nimezivaa na nimeona. Ukimsifia mtu hedifoni zako sema zina besi nzuri, au sema nazipenda, atakuelewa na atajua anunue au asinunue. Hai-fai litumie siku ukisikiliza Siti ukamsikia mpaka na mkwaruzo wa sahani yake.