Mtunzi Anapogeuzwa Mhusika: Riwaya za Conan Doyle Shujaa

Kuna riwaya ambazo mhusika wake mkuu ni mtunzi aliyeishi kweli, lakini mikasa inayomkuta ni ya kubuni. Jina, kazi na zama zake ni za kweli. Maiti anayojikwaa nayo gizani ndiyo iliyobuniwa. Arthur Conan Doyle, daktari wa Uskoti aliyemleta duniani mpelelezi wa kubuni Sherlock Holmes mwaka 1887, ameandikwa hivi mara nyingi.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuipima maana hiyo kwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko wa Muhammed Said Abdulla, ambaye ana undugu wa wazi na Holmes. Mtu akiandika leo kisa kipya cha Bwana Msa na mwenzake Najum, huo ni mwendelezo tu. Lakini akimchukua Abdulla mwenyewe, enzi za ukaguzi wake wa afya Zanzibar kabla hajawa mhariri wa magazeti, akamkutanisha na mauaji katika nyumba anayoikagua, hapo tumeingia katika aina ninayoieleza. Aliyezoea kushika kalamu ndiye anayetiwa hatarini.

Mfano unaojulikana sana ni The List of Seven ya Mark Frost, iliyotoka mwaka 1993. Tuko London mwaka 1884. Doyle bado ni tabibu kijana na Holmes hajabuniwa. Anaitwa kwenye kikao cha kuita roho za wafu, damu inamwagika, naye anaanza kuwindwa. Anayemwokoa ni Jack Sparks, mtu wa siri wa Malkia Victoria, mwenye akili kali na mienendo ambayo msomaji wa Holmes anaitambua mara moja. Katika maisha halisi, mwaka huo Doyle alikuwa akitibu wagonjwa Southsea, mjini Portsmouth. Frost amemhamisha kwa sababu kisa kinautaka ukungu wa London, na msomaji aliyeielewa aina hii hagombani naye kwa hilo.

Tazama lakini nafasi aliyopewa Doyle: anakuwa kama Watson, yule rafiki wa Holmes anayeshangaa pembeni na kusimulia baadaye. Mtunzi mwingine, David Pirie, naye amemweka hivyo hivyo katika riwaya zake, kando ya Dakta Joseph Bell, mwalimu wake halisi wa Edinburgh, ambaye aliweza kumtazama mgonjwa na kumtajia kazi aliyoifanya na nchi aliyotoka. Doyle mwenyewe alikiri kwamba Holmes alichotwa kwa Bell. Riwaya hizi, basi, hubuni chimbuko la mpelelezi: zinadai kwamba mtunzi aliona kwanza, akaandika baadaye.

Dai hilo huaminika kwa urahisi kwa sababu maisha ya Doyle hayakuwa ya mezani tu. Mwaka 1880, kabla hajamaliza masomo, alikwenda Aktiki kama daktari wa Hope, meli ya kuvua nyangumi, akatumbukia mara kadhaa katika maji ya barafu. Mwaka uliofuata alikuwa pwani ya Afrika Magharibi na meli nyingine. Mwaka 1900 alitibu wanajeshi waliougua homa ya matumbo huko Bloemfontein, Afrika Kusini, wakati wa vita vya Makaburu.

Kwangu mimi, hata hivyo, kilele cha aina hii ni Arthur & George ya Julian Barnes, ya mwaka 2005, isiyo na majasusi wala mizimu ya kukimbizana. Inafuata kesi ya kweli. George Edalji, wakili, mwana wa kasisi mwenye asili ya Kihindi katika kijiji cha Great Wyrley, alihukumiwa mwaka 1903 kifungo cha miaka saba kwa madai ya kuwajeruhi mifugo kwa kuwakata usiku. Aliachiwa baada ya miaka mitatu bila kusafishwa jina. Doyle alipokwenda kuonana naye hotelini alimkuta akisoma gazeti, amelisogeza karibu kabisa na uso na kulishika upande. Daktari yule, aliyewahi kujifunza tiba ya macho, aliona palepale kwamba macho kama hayo hayangeweza kuvuka mashamba gizani kumwinda farasi. Akaandika magazetini, akaisumbua serikali, na mwaka 1907 Edalji akasamehewa kosa la mifugo, bila senti ya fidia. Barnes hakulazimika kumzulia Doyle ushujaa. Alichobuni ni mawazo na mazungumzo, na George akapewa nafasi sawa na mwenzake maarufu. Haki hiyo kwa George ndiyo inayonifanya niiweke juu ya zote nilizozitaja.

Natamani mtunzi auchukue mwaka 1909, Doyle alipoandika kitabu cha kushtaki ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji nchini Kongo. Bega kwa bega naye alikuwa E. D. Morel, aliyewahi kuwa karani wa kampuni ya meli. Morel aligundua siri hiyo kwenye hesabu za mizigo: meli zilirudi Ulaya zimejaa mpira na pembe za ndovu, zikaenda Kongo na bunduki na risasi, karibu bila bidhaa za kuwalipa wenyeji. Akakata shauri kwamba watu walikuwa wakifanyishwa kazi kwa nguvu. Huo ni upelelezi kamili, na riwaya yake ingepaswa kuwapa sauti Wakongo waliokatwa mikono, kama Barnes alivyompa George.