Pazia la kijani, ukuta mweupe na mengine yasemwayo kuhusu mandharinyuma ya picha

Anayefungua studio sebuleni huanza kwa kununua kitambaa, na mara nyingi huchagua cha kijani kwa sababu ndicho alichokiona kwenye video za watengeneza filamu. Akipiga picha za mwanzo, mashavu ya mteja yana ukijani na nywele zinaonekana kama zimekatwa kwa mkasi butu. Lawama inaiendea kamera, au programu ya kuhariri. Kwa kawaida kosa liko kwenye umbali na taa.

“Ukitaka kubadilisha mandharinyuma, lazima pazia liwe la kijani.”

Kijani kina sababu zake, ila ni sababu za video. Katika kamera nyingi za dijitali, kila pikseli nne za kihisi, yaani bamba linalonasa mwanga, hupangwa hivi: mbili za kijani, moja nyekundu, moja ya bluu. Kwa hiyo kijani hunaswa kikiwa na chenga (vidoadoa) chache kuliko rangi nyingine, tena kiko mbali na rangi ya ngozi ya mtu yeyote. Mhariri mwenye maelfu ya fremu anahitaji programu ifute rangi moja bila yeye kuigusa kila fremu. Wewe una picha moja, na muda wa kuishughulikia.

Gharama ya kijani ni kwamba kitambaa hakikai na rangi yake. Mwanga unaokigonga humrudia aliyesimama mbele yake. Kwenye ngozi nyeusi ukijani hujitokeza pale ngozi inapong’aa: paji la uso, mfupa wa shavu, ukingo wa shingo. Kanzu nyeupe na shela ndizo zinazoteseka zaidi, kwa kuwa nyeupe hupokea kila rangi inayorushiwa. Miwani na vito hufuata. Ukipiga JPEG, faili la kawaida lililobanwa, kwa simu mambo huzidi, maana simu nyingi huhifadhi mwangaza wa kila pikseli lakini rangi hugawiwa kwa pamoja kwa pikseli nne. Ukingo wa nywele na kijani unakuwa umeshachafuka hata kabla hujafungua programu.

Kama kijani ndicho ulichonacho, msogeze mhusika mita 2 mbele ya pazia, piga kwa RAW (faili ghafi lisilobanwa rangi), na taa za pazia ziwe sawa na za uso au pungufu kidogo. Pazia likiwaka kupita kiasi, kijani hupauka na kumrudia mtu kwa wingi zaidi.

Kwa picha za mnato kijivu hafifu hushinda. Mwanga wake ukimrudia mhusika hauonekani, na nywele nyeusi hukatika vizuri mno juu yake. Njia yenyewe, katika programu ya kuhariri yenye matabaka: nakili tabaka la mhusika mara mbili juu ya mandhari mpya. Lile la chini lipe hali ya Multiply, kisha tumia Levels, kirekebishi cha mwangaza, kukisukuma kijivu mpaka kiwe cheupe kabisa. Katika Multiply nyeupe hutoweka na nyeusi hubaki, basi kila unywele unabaki na wembamba wake. Tabaka la juu liache Normal, hali ya kawaida, likiwa na maski (kifuniko kinachoficha sehemu za tabaka) inayoishia ndani kidogo ya ukingo wa nywele. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanahangaika na nywele za rangi ya dhahabu, ambazo Multiply huzitia giza. Afro na rasta hazina tatizo hilo. Sharti ni moja: usimulike nywele kwa taa ya nyuma, kwa sababu ule mng’ao wa ukingoni nao utapotea.

“Ukuta mweupe utatoa mandharinyuma nyeupe.”

Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Flashi ikiwa mita 1 kutoka usoni na ukuta mita 2 nyuma ya mtu, ukuta uko mita 3 kutoka kwenye flashi, hivyo unapata sehemu moja kwa tisa ya mwanga unaofika usoni. Ukuta mweupe hapo hutoka wa kijivu, na flashi ikisogezwa karibu zaidi na uso unazidi kuwa mweusi. Chumba kidogo chenye kuta na dari nyeupe hulegeza hesabu hii, kwa kuwa mwanga hurukaruka humo. Kitambaa cheusi pembeni huuzuia.

Nyeupe halisi hutaka taa zake zenyewe, mbili, moja kila upande, zikiumulika ukuta kwa mshazari huku mhusika akiwa mita 1.5 au 2 mbele. Uso ukipimwa f/8 kwa kipima mwanga, ukuta uwe na mwanga zaidi kidogo, kati ya f/8 na nusu na f/11 (kwenye kipima mwanga, namba kubwa ni mwanga mwingi). Kama huna kipima mwanga, washa onyo la kamera la sehemu zilizoungua, yaani zilizopauka kwa mwanga mwingi: ukuta uanze kumetameta, uso usimetemete kabisa. Ukizidisha, mwanga wa ukuta hula kingo za masikio na picha nzima hufifia kama iliyopigwa kwenye ukungu.

Anayetumia simu hukutana na balaa la kinyume. Simu ikiona weupe mwingi hudhani kuna mwanga wa kupita kiasi na kupunguza, kisha uso wa mtu mweusi unakuwa kivuli. Gusa uso kwenye kioo, ushikilie mpaka kipimo kifungwe, halafu ongeza mwangaza kwa kidole.

“Mtu mweusi hapigwi mbele ya pazia jeusi.”

Hupigwa, tena picha hizo zina heshima yake. Kinachokosekana ni mpaka. Weka taa ndogo nyuma ya mhusika upande mmoja, juu kidogo ya kichwa, ikilenga bega na ukingo wa nywele, na uikinge isiingie kwenye lenzi. Hii ni kwa picha utakayoiacha na pazia lake. Kama utalibadilisha, rudi kwenye kijivu.

“Chumba kidogo kinahitaji lenzi pana.”

Lenzi pana huona pazia pana. Kamera kuu ya simu, ambayo ni sawa na lenzi ya milimita 26 hivi, ikiwa mita 1.5 kutoka kwa mtu na pazia mita 1.5 nyuma yake, inaona karibu mita 3 za upana hata simu ikiwa imesimama wima. Karatasi ya roli yenye upana wa mita 2.72 haitoshi hapo. Kabati na soketi vitaingia. Lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa), nayo ikiwa wima, mita 2.5 kutoka kwa mtu na pazia palepale, inaona kama mita 1.1. Maana yake roli nyembamba ya mita 1.35 inatosha kwa picha ya kifua, ikiwa umeilenga katikati. Kwa simu, tumia lenzi ya kuvuta mara mbili na urudi nyuma, hata kama utasimama mlangoni.

“Mikunjo itaondolewa kwenye kompyuta.”

Itaondolewa, kwa saa nzima, na rangi itabaki na mabaka. Pasi ya mvuke ni rahisi zaidi. Poliesta hutaka moto mdogo. Bana kitambaa pande zote kila baada ya sentimita 30 na ukivute. Taa inayokuja ubavuni hukuza kila kunjo, ya mbele huzifuta. Kihifadhi kwa kukivingirisha, usikikunje. Bomba la PVC la mita 3 hupinda katikati na kuleta mawimbi, kwa hiyo tafuta la chuma.

“Fungua tundu la lenzi hadi f/1.8 ili nyuma kuwe na ukungu, akili bandia itamalizia.”

Kwa picha ya kawaida, sawa. Kwa picha ambayo mtu atakatwa na kuhamishiwa mandhari nyingine, masikio na nywele za nyuma huwa na ukungu uliochanganyika na rangi ya pazia, na hakuna programu inayojua mtu anaishia wapi. Piga f/5.6 hadi f/8, ISO 100, kasi ya 1/125 au 1/160, kisha utie ukungu kwenye mandhari mpya.

Programu siku hizi hukata mtu kwa sekunde chache, na kwa suti na upara hufanya vizuri. Kwenye mtandio mwepesi, mahali mandhari inapotakiwa kupenya kidogo, bado inahitaji mkono wako. Isichokijua kabisa ni kama mtu na mandhari yake mpya vinaendana. Wapiga picha wa kivukoni Likoni, Mombasa, miaka ya 1990 waliwasimamisha wateja mbele ya mapazia ya kuchorwa yenye meli na ndege, na hakuna aliyedai ni kweli. Picha ya leo inadai, ndiyo maana kasoro zake zinaudhi.

Angalia kimo cha kamera kwanza. Mstari wa upeo wa bahari humkata mtu pale ilipokuwa lenzi: ukimpiga kwa kimo cha macho yake, upeo upite machoni. Ufukwe uliopigwa kutoka ghorofani utamfanya aonekane anaelea. Halafu mwanga: flashi ina takriban 5500 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), machweo yako karibu na 3000 K, basi visha flashi iliyo upande wa jua la mandhari mpya jeli, yaani plastiki angavu, ya rangi ya chungwa wakati wa kupiga, maana ukisubiri kuhariri utabadilisha rangi ya uso mzima. Mwisho nyunyiza chenga zilezile juu ya tabaka zote.

“Picha ya pasipoti ni rahisi, futa ukuta uweke nyeupe.”

Kwa viza na pasipoti za Marekani mandharinyuma huwa nyeupe au inayokaribia nyeupe, na picha iliyobadilishwa kwa programu, kichujio au akili bandia haikubaliwi. Uingereza inataka krimu au kijivu hafifu kwa picha za kuchapishwa, nayo hairuhusu kuhariri. Kila nchi ina rangi yake, soma masharti yake kabla ya kutundika kitu. Kisha tandika karatasi ya rangi hiyo, mweke mteja mita 1 mbele yake na uwashe taa mbili zinazolingana kulia na kushoto, kivuli kisiangukie nyuma ya masikio.